Simu Isiyo na Mwanamume

Salhiya alikuwa na droni, lakini droni yenyewe haikuwa na macho. Jambo hilo yule Mzungu wa duka la kuzamia, aliyemuuzia kabla ya kufunga virago na kurudi kwao, alilitaja mwisho kabisa, wakati droni imeshaingia mkobani. Kamera ilikuwamo, tena nzuri. Mapanga yote manne yalikuwamo, na rimoti ilikuwamo. Kilichokosekana ni simu. Rimoti ile ilikuwa na mdomo wa kubania simu, na ni kwenye kioo cha simu hiyo ndipo mrushaji huona kile kinachoonwa na kamera huko juu. Bila ya simu inayofaa, droni ni panka iliyopotea njia.

"Simu si nnayo," alijiambia Salhiya, akaenda zake nyumbani Mkunazini amejaa furaha. Akaibana simu yake kwenye rimoti, akafungua programu. Programu ikafunguka, ikafikiri kidogo, ikajifunga yenyewe kama duka la Ijumaa adhuhuri. Akajaribu mara tisa. Simu ilikuwa kongwe mno kwa kazi hiyo, na ukongwe wa simu hauna dawa.

Ingekuwa ni mchezo tu angengoja mwakani. Lakini alikuwa ameshaahidi, na aliyeahidiwa si mtu wa kuahidiwa ovyo.

Salhiya alikuwa mpigapicha wa wanawake. Asiyezijua harusi za Unguja atauliza mbona, picha si picha tu. Sivyo. Ukumbi wa wanawake ni wa wanawake. Mlangoni hukaa shangazi mmoja asiye na mzaha na beseni la plastiki, na kila simu huingia humo. Wakishaingia, mabuibui huvuliwa, nywele hufunguliwa, na mtu uliyemjua miaka yote kwa sauti na macho tu unamwona mzima mzima, mzuri, anacheza. Mpigapicha pekee ndiye anayeingia na kamera. Shughuli ikiisha, kabla hata hajanywa maji, huitoa kadi ya kamera na kumkabidhi mzee wa kike wa bibi harusi mkononi. Salhiya alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita na haijawahi kuvuja picha hata ya kisigino. Duka hakuwa nalo, wala tangazo, maana angelitangaza kwa picha za nani? Jina lake ndilo lilikuwa duka lake, na jina la namna hiyo likichafuka mara moja halifuliwi.

Sasa Sumaiya wa Uroa alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ya pili, naye alitaka kitu ambacho hakuna bibi harusi wa pwani ile aliyewahi kukipata. Alitaka wanawake sitini wa kwao, wamevaa kanga ya sare, wapangane uwanjani kwa umbo la kikuba, kile kishada cha maua, asumini nje na waridi katikati, naye awe ndilo waridi, wapigwe picha kutoka juu. Kibali cha kurushia droni kilishapatikana na muhuri wake. Mwenye kauli ya mwisho, hata hivyo, alikuwa bibi yake, Bi Mwanakheir, mfanyabiashara wa kanga kwa miaka arubaini, ambaye Uroa nzima ilimwamkia kwa mbali kwa kuhofia kukaguliwa mavazi. Bibi huyo alikubali kwa sharti moja tu: mwanamume asione.

"Hatoona, Bibi," Salhiya alisema.

Mtu akishasema hivyo, ajue anasema nini.

Kwa shida ile, alimwendea kaka yake. Suhail alikuwa mtembeza wageni, na alikuwa na tableti pana kama sinia la maandazi, kioo chake kinang'ara hadi kinaumiza. "Chukua," alisema kwa ukarimu. "Mimi nna simu yangu." Salhiya akaibusu tableti. Mdomo wa rimoti ulikataa kuibana kwa ukubwa wake, basi akaifunga kwa mipira ya suruali, ikakaa upande upande, lakini ikakaa. Programu ikafunguka papo hapo bila ya kufikiri.

Ijumaa akaenda kujaribu Kizimbani, kwenye shamba la jamaa wa mamake, karibu na mikarafuu ya serikali. Alikwenda na mamake, Bi Maryam, na mashangazi wawili. Hapakuwa na mwanamume hata wa dawa. Droni ikapanda, ikavuka vilele vya mikarafuu, na Salhiya akaliona shamba lote kwenye kioo, kijani kwa kijani, na mamake katikati kama kidoti chekundu. Alicheka peke yake kwa raha. Ndege wanaona hivi kila siku, na hawamwambii mtu!

"Nnaonekana?" aliuliza Bi Maryam kutoka chini.

"Unaonekana, mama!"

Loo. Bi Maryam alikuwa na miaka hamsini na minane na goti bovu, lakini neno lile lilimponya. Akavua mtandio, akaachia nywele, akafunga kanga kiunoni na kuanza. Mashangazi wakampigia makofi. Alicheza ngoma za ujana wake zote, na nyingine nadhani alizitunga palepale.

Dakika kumi baadaye simu ya Salhiya ikalia. Alikuwa Suhail, kutoka hoteli moja ya Paje.

"Salhiya, mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, Kizimbani."

"Anafanya nini?"

"Amekaa tu."

"Hakukaa. Mama anakata kiuno. Mimi namwona, na Wataliano wanamwona."

Salhiya aliishusha droni mbio. Kumbe Suhail alikuwa amekaa na wageni watano akiwaonesha picha za pomboo kwenye simu yake. Anapitisha pomboo, anapitisha pomboo mwingine, mara akatokea mamake mzazi kutoka juu, kichwa wazi, kiuno kinazunguka. Maana programu ile huacha nakala ndogo ya kila inachokiona ndani ya kifaa kinachorushia droni. Tableti ilikuwa ya Suhail, laini iliyokuwamo ilikuwa ya Suhail, akaunti ilikuwa ya Suhail, na kila picha inayoingia humo hujipeleka yenyewe kwenye vyombo vyake vyote, kwa adabu na utiifu, bila ya kuuliza hiyo ni nyonga ya nani.

Bi Maryam alimnyang'anya bintiye simu. "Wageni wangapi?"

"Watano, mama."

"Wakasemaje?"

"Wamepiga makofi."

"Waambie ahsante," alisema Bi Maryam, kisha akajitanda kanga gubigubi, akiwa amechelewa kwa dakika kumi kamili. Mashangazi walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Hata yeye alicheka mpaka akashika goti. Halafu akamtazama Salhiya, na kicheko kikamtoka.

"Mimi mwanangu ndiye kaniona, na hao hawanijui. Lakini angelikuwa Sumaiya, je?"

Salhiya aliwaona wanawake sitini wa Uroa wakimwagika kwenye simu ya Suhail huko Paje, mmoja baada ya mwingine, baina ya pomboo na kasa.

Jambo hilo lingeweza kuwa siri ya familia, lakini Bi Maryam hajaumbwa kukaa na kisa kizuri peke yake. Alimwambia jirani, jirani akamwambia dada yake wa Pongwe, na kutoka Pongwe hadi Uroa ni mwendo wa kikohozi. Jumapili Salhiya alipigiwa simu na Bi Mwanakheir.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nshasikia mamako kawachezea Wataliano."

"Bibi, ile tableti ilikuwa ya—"

"Ya kuazima. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Hiyo droni yako isije Uroa. Na kamera nayo ipumzike, tutatafuta mtu mwengine."

Yaani si droni tu. Kazi yote ndiyo ilikuwa inakwenda na maji. Mtu akikataliwa na Bi Mwanakheir, pwani nzima itauliza kwa nini, na pwani nzima itajibiwa. Miaka sita ya kukabidhi kadi mkono kwa mkono ingezikwa na kiuno cha mama. Salhiya alijikaza kama mtu anayejitosa baharini bila ya kujua kina.

"Bibi, na nikipata simu isiyokuwa na mtu ndani yake? Isiyokuwa ya kaka wala ya mume wala ya nani?"

"Nani atakayehakikisha kuwa haina mtu?"

"Wewe mwenyewe. Njoo uichague."

Simuni Uroa ilisikika kwa nyuma, jogoo na watoto.

"Wanauza wapi?" aliuliza Bi Mwanakheir.

Jumanne asubuhi walikuwa sokoni Mwanakwerekwe, Salhiya, mamake aliyejialika mwenyewe, na Bi Mwanakheir ndani ya buibui lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Duka la simu lilikuwa la kijana aitwaye Wakil, dogo, refu, na taa nyingi za rangi ya buluu ambazo chini yake kila simu ilionekana imetoka peponi.

Wakil alianza kazi yake. Akatoa simu moja nyembamba ya mtumba, inayong'ara kama kigae. "Hii ina kamera tatu, dada yangu. Inapiga mpaka mwezi."

"Kamera siitaki," alisema Salhiya. "Kamera iko juu. Mimi nnataka kioo tu."

Wakil alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa chai isiyo na maji. Salhiya akaanza kueleza, lakini Bi Mwanakheir alikuwa ameshaichukua simu na kugeukia mlangoni.

"Nje," alisema.

"Bibi, samahani, simu haitoki nje. Wiki iliyopita ilitoka moja, mpaka leo naisubiri."

"Miaka arubaini nnanunua kanga," alisema Bi Mwanakheir. "Ndani ya duka kila kanga ina rangi. Kanga hununuliwa mlangoni, juani, ndipo inaposema kweli. Huyu msichana atairusha hiyo panka yake wapi, humu ndani mwako? Nnakwekea rehani."

"Rehani gani, Bibi?"

Bi Mwanakheir alimnyooshea kidole Bi Maryam. "Huyu. Ana mtoto mmoja wa kike, atarudiwa tu."

Basi Bi Maryam akawekwa rehani. Alipewa kigoda na soda ya baridi, naye akatulia zake ndani ya duka, hana neno. Baada ya muda mfupi alikuwa anamuuzia Wakil kava za simu kwa wateja wanaopita, tena kwa ufanisi kuliko mwenye duka.

Huko nje jua la saa tano lilikuwa wima. Simu ya kwanza, ile ya kupiga mpaka mwezi, ilipotoka tu ikageuka kioo cha kujitazamia. Salhiya aliona pua yake na ushungi wake, na nyuma ya hapo kiza. Bi Mwanakheir aliitazama akafyonza. "Hii ya kutilia wanja." Isitoshe, ilikuwa imeshatumika, na mwenyewe wa zamani bado alikuwamo ndani, picha yake ya harusi imekaa kwenye ukurasa wa mbele. Ikarudishwa ndani.

Ya pili ilikuwa kubwa, karibu ya kuitwa tableti, na juani ilisomeka. Salhiya alifurahi. Lakini mdomo wa rimoti ulifunguka mpaka mwisho wake na bado haukuimeza. "Nitafunga mipira," alisema kwa sauti ndogo.

"Mipira tumeshaiona," alisema Bi Mwanakheir, na hiyo nayo ikarudi.

Ikabaki moja iliyokuwa chini kabisa ya kabati, ndani ya boksi lisilofunguliwa, lina vumbi. Wakil alilitoa kwa aibu. Ilikuwa nyeusi, nene, haina mvuto, ni toleo la mwaka huu lakini haikupata mtu wa kuitaka.

"Hiyo Bibi haina soko."

"Na mimi sina soko, na mbona umeniamkia?"

Wakil akafungua boksi. Nje, simu ile mbaya ilisimama juani na kioo chake kikabaki kioo. Herufi zilisomeka. Rangi zilikuwa zenyewe. Bi Mwanakheir aliipindua huku na huku, akaitazama kwa jicho moja, akaipeleka kivulini na kuirudisha juani, kama anavyofanya kwenye pindo la kanga kutafuta rangi itakayotoka. Mdomo wa rimoti uliibana sawasawa. Waya uliingia. Programu, iliyoshushwa kwa mtandao wa Wakil, ikafunguka mara moja, ikauliza jina la mwenye akaunti.

Salhiya alisita.

"Andika Mwanakheir," alisema bibi. "Nnataka nione nani atakayeniingilia."

Hawakuitia laini. Mtandao wa duka ukakatwa, kila mlango wa kupelekea picha kwengine ukafungwa. Kisha Bi Mwanakheir akataka ushahidi. Bi Maryam akapigwa picha pale pale kwenye kigoda, soda mkononi, halafu Suhail akapigiwa.

"Umeona kitu?" aliuliza Salhiya.

"Sijaona kitu."

"Tazama tena."

"Sioni chochote. Kuna nini? Mama anacheza tena?"

Bi Mwanakheir aliisikia sauti ile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ukacheza. Akaitia simu mkobani mwake mwenyewe, si mwa Salhiya. "Italala kwangu mpaka Jumamosi," alisema. Salhiya akalipa, rehani ikakombolewa, ingawa Wakil alionekana kusikitika kuiachia.

Jumamosi Uroa iliamka na harufu ya biriani. Hoteli ndogo ya jamaa zao ilikuwa imefungwa kwa ajili ya shughuli. Mbele pakawekwa wanaume, na uwanja wa nyuma ukazungushiwa mashuka na makuti mpaka hata kuku wa kiume asingepata pa kuchungulia. Bi Mwanakheir alimkabidhi Salhiya simu. Ilikuwa imevaa. Bibi alikaa siku tatu akiishonea kava ya mahameli nyekundu, nene, yenye bitana ndani na vimetameta pembeni, iliyoacha kioo tu.

"Isikae uchi mbele za watu," alisema.

Salhiya alishukuru. Kusema kweli ilipendeza, na ilibanika kwenye rimoti kwa kusukuma kidogo.

Droni aliirushia mbele ya hoteli, kwenye mchanga mtupu, kabla wanaume hawajakaa, kwa sababu alitaka kumpiga picha bibi harusi na msafara wake wakiingia na mabuibui yao. Wakaingia, naye akaingia nyuma yao, rimoti mkononi, droni inamfuata juu kwa heshima. Shangazi wa beseni akafunga pazia. Mabuibui yakavuliwa, na uwanja ukalipuka kwa rangi. Wanawake sitini, kanga moja, ya njano na nyeupe, wakaanza kupangana. Ngoma zikaanza. Kwenye kioo Salhiya alikiona kikuba kikijifunga, duara nje ya duara, na Sumaiya katikati amevaa nyekundu, anacheka, anatazama juu. Moyo wa Salhiya ulijaa. Hakuna aliyewahi kuwaona hivi, alijiambia, na ni mimi nnayewaona.

Hapo kioo kikaanza kufifia.

Mwanzo alidhani ni wingu. Halafu likatokea neno la onyo kuhusu joto, na taa ya kioo ikashuka, ikashuka tena, mpaka akabaki anakodolea giza. Akatazama juu. Droni ilikuwa nukta nyeusi kwenye jua, na upepo wa bahari ulikuwa unaisukuma polepole kuelekea mbele ya hoteli. Imeelekea wapi, mbele ni upi, nyuma ni upi, hakujua.

Rimoti ilikuwa na kitufe cha kuirudisha droni nyumbani. Kidole chake kilishafika. Ndipo alipokumbuka kwamba kwa droni nyumbani ni pale iliporukia, naye hakuiambia kuwa nyumbani pamehama. Iliporukia ni mbele. Na mbele, muda huo, wanaume mia walikuwa wamekaa mikekani wanakula biriani, na droni ingewashukia katikati ya sinia, na tumboni mwake kadi, na ndani ya kadi wanawake sitini vichwa wazi. Rimoti ikaanza kulia, chaji ya droni inakwisha. Alikuwa na dakika nne, pengine tatu.

"Bibi!" alipiga kelele. "Bibi njoo!"

"Naam!" Bi Mwanakheir alipasua kikuba katikati akaja, nyuma yake wanawake kumi. Hakuuliza maswali. Alitazama kioo, akatazama mbinguni, akavuta kanga ya mtu na kumfunika Salhiya kichwa pamoja na rimoti yake. Chini ya kivuli kile kioo kilionekana kidogo, kijivu, kama mtu wa mbali kwenye mvua.

"Ina nini?"

"Imepata moto, Bibi. Inajizima." Salhiya aliishika simu kwa nyuma, vidole vikagusa mahameli. Ilikuwa inachoma. Mungu amsamehe, alikuwa anaogopa kusema. "Bibi... ni vazi lake."

Bi Mwanakheir aliigusa. Zile siku tatu za sindano zilipita usoni mwake. Kisha akapaza sauti iliyosikika, wanasema, mpaka kwenye masinia ya mbele.

"Mvueni! Hapa tupo wanawake watupu!"

Alilivua mwenyewe kwa mikono miwili. Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Wanawake wakaishika kanga pembe nne ikawa hema, wengine wakaleta vipepeo vya ukili na kuipepea simu kama wanampepea mwali. Joto likapungua. Kioo kikapata nuru, kwanza kidogo, halafu ya kutosha, na Salhiya akaliona paa la hoteli, akaziona kofia nyeupe nyeupe za wanaume pembeni, karibu mno. Akaigeuza droni. Ikapigana na upepo, ikarudi, ikavuka pazia, ikasimama juu ya uwanja.

Wakati huo huko chini hakuna aliyejipanga tena. Kikuba kilikuwa kimevunjika, watu wanaruka tu. Droni ikateremka juu ya kanga iliyotandazwa na wanne, ikagusa, mapanga yakasimama. Salhiya akakaa chini, akalia, akacheka, na Sumaiya akaja akamkumbatia mpaka poda ya bibi harusi ikamhamia yeye.

Shughuli iliendelea mpaka Magharibi. Ilipokwisha, kabla ya kunywa maji, Salhiya aliitoa kadi kwenye droni na ile ya kamera yake, akazifunga kwenye leso, akamkabidhi Bi Mwanakheir chumbani mkono kwa mkono. Bibi akazitia kifuani. Hapo kazi ya Salhiya ilikuwa imekwisha, na angeweza kwenda zake salama na jina lake zima.

"Bibi, kuna jambo," alisema. "Ndani ya simu mmebaki nakala ndogo. Hazikwenda kokote, lakini zimo. Kweli ndiyo hiyo."

Bi Mwanakheir alizigusa kadi kifuani. "Nisingelijua."

"Usingelijua, Bibi."

"Nioneshe."

Wakakaa kitandani, vichwa pamoja. Kikuba kikajifunga mbele yao, duara kwa duara, na bibi akanong'ona "Mashallah" kwa kila duara. Halafu ikaja ya mwisho, ile ya kushuka. Watu wamevurugika, wanaruka, na pembeni yupo bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizofunguka mpaka mabegani, amenyanyua kipande chekundu cha mahameli juu, anajizungusha, anajizungusha, mdomo wazi kwa kicheko.

"Nani ajuza huyu?" aliuliza Bi Mwanakheir. "Tunaye mtu huku anayecheza hivi?"

Bibi akaisogeza simu karibu na macho. Akaitazama mara ya pili, na ya tatu, mkono wake ukapanda taratibu ukajigusa nywele chini ya ushungi.

"Futa zote," alisema hatimaye.

Salhiya akaanza. Moja, ya pili, ya tatu.

"Hiyo ya ajuza iache. Kaa nayo wewe." Bi Mwanakheir alijifuta macho kwa pindo la kanga, akacheka. "Nikifa, wajukuu zangu wa kike watakuja kukuuliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani. Waoneshe hiyo."

Salhiya akazifuta zilizobaki mbele ya macho yake, akaiacha ile moja.